Kuutambua Mwani wa Turbinaria ornata: Umbile Lake, Uzazi Wake na Dalili za Kuupambanua



Nimepewa fursa ya kusema mintarafu ya mwani mmoja wa rangi ya kahawia ambao kila aliyepata kutembea juu ya miamba ya mwambao wetu wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa hata ukingoni, aghalabu amekwisha kuukanyaga pasipo kuuliza jina lake, nao ukamchoma unyayo kwa miiba yake. Wataalamu huuita Turbinaria ornata. Muradi wa mada hii ni kubainisha ya kuwa kuutambua mwani huu na kuyajua maisha yake ni kazi moja wala si mbili, kwa sababu umbile lake hugeuka kwa umri, kwa mahali unapoota na kwa nguvu ya mawimbi yanayoupiga. Na mtu asiyejua sababu ya mageuko hayo ataiita spishi moja kwa majina matatu, au spishi tatu kwa jina moja, na kila hesabu atakayoijenga juu ya majina hayo haitategemewa.

Yafaa kwanza tuuweke mahali pake. Mwani unaolimwa na kinamama wa Paje na Jambiani huko Unguja, kilimo kilichoanza mwaka 1989 kwa mbegu iliyoletwa kutoka Ufilipino, ni wa kundi la mwani mwekundu, ijapokuwa shambani huonekana mara wa kijani mara wa hudhurungi, na tija yake ni karagini. Turbinaria ni wa kundi jingine kabisa. Katika seli zake klorofili imo, illa imefunikwa na rangi iitwayo fukozanthini, ambayo ndiyo iupayo ukahawia; akiba yake ya chakula si wanga kama ya mimea ya nchi kavu, bali ni laminarini; na kuta za seli zake zimejaa alginati, ambayo huufanya mwili uwe mgumu na wakati huo huo uweze kunepa. Mizizi hauna wala maua hauna, na chumvi unazozihitaji huzinyonya kutoka majini kwa mwili mzima. Jambo hilo huutenga pia na nyasi za bahari, ambazo ni mimea ya maua yenye mizizi ya kweli ndani ya mchanga.

Tarikhi ya jina lake yaonyesha kwamba tatizo la kuupambanua si la leo. Mwaka 1808 Dawson Turner, mwanabenki wa Uingereza aliyekuwa bingwa wa mimea ya bahari, aliueleza kuwa ni namna tu ya Fucus turbinatus, mwani ambao Linnaeus alikuwa amekwisha kuuandika mwaka 1753. Lamouroux aliiasisi jenasi ya Turbinaria mwaka 1825, na mwaka 1848 Jacob Agardh wa Lund, nchini Uswidi, akaupandisha daraja mwani wetu ukawa spishi inayojitegemea. Miaka 40 ilipita, basi, baina ya mtu wa kwanza kuiona tofauti na mtu wa pili kuipa uzito wake. Niongeze hapa tahadhari kwa wasomao vitabu: lipo pia tumbawe lenye jina hilo hilo la Turbinaria, kwani kanuni za kutaja wanyama na za kutaja mimea ni mbali mbali, na kwa kuwa vyote viwili huishi mwambani, orodha isiyofafanua inaweza kumpoteza msomaji.

Nauendea sasa mwili wenyewe. Turbinaria ornata husimama wima, aghalabu kimo cha sentimita 10 hata 30, rangi yake ikiwa kahawia iliyokolea au yenye umanjano, na mara nyingi ina madoa meusi. Chini kuna kishikizo chenye matawi yanayotambaa juu ya jiwe na kung'ang'ania kila ufa. Juu ya kishikizo ni shina la mviringo, gumu, lenye makovu ya majani yaliyokwisha kupuputika. Na kulizunguka shina hilo pande zote, yakisongamana zaidi kuelekea kileleni, ni majani. Hayo majani ndiyo ithibati ya kwanza ya mtambuzi. Kila jani lina kikonyo, na kikonyo hupanuka kuelekea nje hata likapatikana umbo la pia ya watoto, kichwa chake cha nje kikiwa bapa au kimebonyea kidogo. Ukingo wa kichwa hicho umezungukwa na miiba migumu. Na ndani ya ukingo, juu ya uso wenyewe wa kichwa, iko safu ya pili ya miiba iliyojizungusha. Safu hii ya pili ndiyo dalili kuu. Nasisitiza kwamba itafutwe katika majani yaliyokomaa, kwani katika majani machanga huenda ikawa ni miiba miwili mitatu tu, au isionekane kabisa, na wanafunzi wengi hukosea kwa kuchuma ncha laini ya kileleni kwa kuwa ndiyo safi na nzuri kutazama.

Jirani yake, Turbinaria conoides, ana miiba ya ukingoni peke yake, na vikonyo vyake aghalabu ni virefu zaidi, hata mwili wote ukaonekana mwepesi. Turbinaria decurrens hutambulika kwa jani lake la pembe tatu, ambalo kingo zake huteremka juu ya kikonyo mithili ya mbawa. Nao mwani wa jenasi ya Sargassum, ulio mwingi mno katika miamba yetu, una majani mapana yaliyo bapa, na vibofu vyake vya hewa ni viungo vya peke yake, vya duara, vyenye vikonyo vyao. Ilhali Turbinaria, ikiwa na kibofu, hukificha ndani ya jani lenyewe. Kwa hiyo haitoshi kutazama nje tu: jani lipasuliwe kwa wembe toka kichwani hata kikonyoni, na uwazi wa ndani, ukiwepo, uandikwe.

Nimesema ukiwepo, na hapa ndipo biolojia inapoingia katika utambuzi. Mwani huu hauna vizazi viwili vya kupokezana kama ilivyo kwa mwani mwingi. Mwili tunaouona ndio pekee, wenye seti mbili za kromosomu, na kromosomu hupunguzwa nusu pale tu yai na mbegu ya kiume zinapofanyika. Vishada vya uzazi huchipuka juu ya vikonyo vya majani, navyo vimejaa vijitundu ambamo mayai na mbegu za kiume hukomaa, kila mbegu ya kiume ikiwa na vijimkia viwili vya kuogelea. Yai likisha kutungishwa halichukuliwi mbali. Kiinitete huanza kukua kikiwa kimenata kwa ute juu ya kishada cha mzazi, kisha hudondoka na kushika jiwe lililo karibu. Lau kama hiyo ndiyo ingekuwa njia yake pekee ya kusafiri, mwani huu ungeenea mwendo wa hatua chache kwa kila kizazi.

Bali iko njia ya pili, nayo imechunguzwa sana huko French Polynesia, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Miili inayoota ndani ya wangwa uliotulia hujaza hewa katika majani yake, na kadiri inavyozeeka na kuzaa vishada, ndivyo wepesi wake wa kuelea unavyozidi na nguvu ya shina lake inavyopungua, mpaka wimbi la kiasi tu likaikata, ikachukuliwa na mkondo ikiwa imebeba viinitete vyake. Miili inayoota ukingoni mwa mwamba, mahali papigwapo na mawimbi makuu, huwa mifupi, imara, na mara nyingi haina vibofu kabisa. Anayeiokota miili ya namna hizi mbili, mmoja wangwani na mwingine ukingoni, atadhani ni spishi mbili. Kumbe ni moja, na tofauti anayoiona ni jawabu la mwani kwa bahari yake.

Kwa njia hiyo ya kuelea, tangu miaka ya 1980 mwani huu ulizagaa kutoka Visiwa vya Society hata visiwa vingine vya eneo hilo, ukajaa juu ya miamba iliyopungukiwa na matumbawe hai. Wanyama walao mwani huuepuka ukisha kukomaa, kwa ugumu wake, kwa miiba yake na kwa fenoli zilizomo mwilini. Huliwa zaidi ungali mchanga, na mwili uliovuka umri huo huwa umesalimika.

Katika mwambao wetu mwani huu si mgeni. Ni mwenyeji wa miamba ya Bahari ya Hindi tangu zamani, na Erik Jaasund, aliyetoa mwaka 1976 kitabu cha mwongozo wa mwani wa maeneo ya maji kupwa nchini Tanzania, ametuachia msingi mwema wa kuanzia. Lakini tukumbuke kwamba mwaka 1998 joto la bahari liliua matumbawe mengi katika upande wetu wa Bahari ya Hindi, na kwamba tumbawe lililokufa huwa ni jiwe tupu la kushikiwa na mwani. Kusema kama Turbinaria imeongezeka au haikuongezeka katika mwamba fulani kwahitaji kumbukumbu zenye majina sahihi, na sampuli za kuyathibitisha majina hayo. Mimi naliona jambo hili kuwa la dharura, kwa kuwa kila msimu upitao pasipo kumbukumbu haurudi.

Basi nawaomba walimu na maafisa wa uvuvi waliohudhuria wasichume mwili mmoja tu, bali mitano au sita ya mahali pamoja, michanga kwa mizee, wakiing'oa pamoja na kishikizo. Kwa kuwa mwani huu ni mnene, haubanwi vizuri katika karatasi kama mwani mwembamba; yapasa majani machache yapasuliwe katikati na kukaushwa kwa kubanwa, na mwili uliobaki uhifadhiwe katika formalini iliyochanganywa na maji ya bahari, au ukaushwe kivulini. Lebo iandikwe kwa penseli: jina la mwamba, tarehe, kina cha maji, kama ni wangwani au ukingoni, kama mwili ulikuwa umeshika jiwe au ulikuwa ukielea, na kama vishada vya uzazi vilikuwepo. Kazi hiyo irudiwe mahali pale pale wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, na sampuli zipelekwe katika chuo cho chote chenye hazina ya mimea iliyokaushwa, zikiwa na lebo zake, hata kama aliyezichuma hajaweza bado kuamua ni spishi gani.