Mpanda Mpunga, Uache Mbula

Msikilizaji wa Mwamkulu, na popote unaponisikia mkoani Katavi, leo nausemea mti wa mbula.

Kiangazi kikikolea, miyombo hupukutisha majani, ukatembea kutwa hupati pa kupumzikia. Mbula hubaki kijani. Ndiyo maana wazee waliofungua mashamba walikata miti mingine, huu wakauacha. Fundi seremala naye hakuutamani, kwani mbao zake hula meno ya msumeno. Mchoma mkaa hana kikwazo hicho, na mimi yeye ndiye anayenitia hofu.

Matunda ya mbula huanguka kabla hayajaiva sawasawa, yakaivia chini. Nyani huja, nguruwe pori huja, nsya naye. Tembo humeza tunda zima na kokwa yake, akaenda kuiangusha mbali ikiwa ndani ya kinyesi chake. Kule Mahale na Gombe, sokwe mtu hula tunda hilihili. Na sisi je? Nyama ya tunda ni tamu, na ukiipasua kokwa kwa jiwe utakuta kiini chenye mafuta, kitamu kama korosho. Maua ya mbula ni malisho ya nyuki, na Mpanda bila asali si Mpanda.

Kila masika tunahimizana kupanda miti, na ni jambo jema. Lakini mbula haikubali kirahisi kuoteshwa kwenye vifuko vya kitalu. Kokwa yake ni ngumu mno, mbegu huota kwa shida. Mti huu huongezeka zaidi kwa machipukizi yanayotoka kwenye mizizi ya mti mkubwa. Ukikata mbula iliyokomaa na kung'oa kisiki, mkaratusi hauzibi pengo hilo. Sokwe hali mkaratusi, wala mtoto wako.

Najua mpunga ndio unaosomesha watoto Mwamkulu. Sisemi tuache kulima. Mpunga unataka mbuga yenye maji. Mbula husimama ukingoni, kwenye ardhi ya kichanga. Hakuna gunia litakalopungua kwa kuuacha mti huu.

Basi viongozi wetu wa mitaa, kabla shamba jipya halijafunguliwa, piteni na mwenye shamba mhesabu mbula zilizomo, muandike kwenye daftari la ofisi kwamba hazikatwi. Machipukizi yazungushiwe miiba, ng'ombe wasiyakanyage. Lileteni jambo hili kwenye mkutano wa hadhara ujao, kabla matrekta hayajaingia shambani.