MWENZAKO WA MASOMO AKINYAMAZA, UMTAFUTE



Leo sitasema juu ya malaria wala kuhara. Nina swali: wale uliokaa nao benchi moja kwenye masomo ya uuguzi, wako wapi? Uliongea nao lini?

Sisi wa promosio yetu tulitawanywa na vita ya mwaka 1998 mpaka 2003. Mmoja alishuka Lubumbashi. Mwingine alivuka ziwa mpaka kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Wengine tulibaki huku, kati ya Kalemie na Manono. Sasa tumepita miaka 40. Tukisoma maandishi ya chupa ya dawa, tunaisogeza mbali na macho. Uzee unabisha hodi.

Kulikuwa na mwenzetu mmoja mcheshi sana. Kila mwezi alinibipu, mimi namwita. Kisha akanyamaza. Nikasema moyoni: "Amepata feza, ametusahau." Nami nikanyamaza, miezi mitano. Kumbe damu ilipanda, akapooza upande wa kuume, na ulimi ukawa mzito. Simu ilikuwa pale kitandani, lakini mkono haukuweza kuishika. Munganga yule alipima tansio ya watu wengi, yake hakuipima. Na mimi sikumwuliza hata siku moja.

Basi tujifunze: rafiki akinyamaza, usiseme ni kiburi. Useme ni dalili, ukamwangalie.

Tansio ya juu mara nyingi haiumi. Mtu anacheka, anafanya kazi, kumbe ni mgonjwa. Upweke nao unaharibu afya. Mwaka 2025 Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) lilieleza kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa nao.

Ufanye hivi:

1. Chagua siku moja ya kila mwezi kwa kuita wenzako. Asiye na simu, umwandikie barua.

2. Usitosheke na "habari gani?" na "nzuri". Uliza: "Tansio yako ni ngapi? Ulipima lini?" Kama ni 140 juu ya 90 ao zaidi, na ikirudiwa siku nyingine inabaki vile, aende kutunzwa.

3. Kama anakunywa dawa za tansio, uliza kama zimebaki. Asiziache kwa sababu anajisikia vizuri.

4. Mdomo ukipinda kwa ghafula, mkono ukikosa nguvu, ao maneno yasieleweke, apelekwe hospitali saa ileile. Asingoje asubuhi.

5. Akinyamaza miezi miwili, tuma mtu: dereva, mwenye baiskeli, ao ndugu wa kanisa. Ukiweza, nenda mwenyewe.

Ninyi wa Piana-Mwanga mnajua: mtambo wa mto Luvua ulijengwa kwa kupeleka umeme kwenye migodi ya bati ya Manono. Hata maji yaanguke kwa nguvu namna gani, waya ukikatika, kule ni giza. Upendo mu moyo ni kama maji yale. Waya ni kuita, kuandika na kwenda. Tuombeane, ndiyo, lakini tupimane pia.

Mwenzangu yule sasa anatembea na fimbo. Namwita kila juma. Anajibu polepole, neno kwa neno, nami nangoja.

Na wewe, leo utamwita nani?