Subira na Huruma ni Wosia Mmoja

Ndugu zetu Waislamu, tunataka kuzungumza juu ya subira, nasi tuko hapa Endulen, ambapo neno hilo hutamkwa kila mvua inapokawia.

Ukame wa mwaka 2008 na 2009 uliangamiza mifugo mingi katika wilaya hizi za kaskazini. Mwaka 2009 kilimo nacho kikapigwa tena marufuku katika eneo la hifadhi ya Ngorongoro. Kilikwisha kukatazwa mwaka 1975, kikaruhusiwa mwaka 1992. Kwa hiyo mfugaji hula mahindi ya kununua. Ukame ukija, ng'ombe hukonda na bei yake huanguka, ilhali bei ya debe la mahindi hupanda. Hapo ndipo mwenye duka humwambia jirani yake: "Subiri ndugu yangu, Mungu yupo."

Tujiulize, subira hiyo ni ya nani?

Wanazuoni wameigawa subira mafungu matatu: kudumu katika utii, kujizuia na maasi, na kustahimili misiba. Sisi tumezoea kuhubiri fungu la tatu, tena kwa wengine. Nabii Ayubu (a.s.) alimlilia Mola wake kwa dhara iliyompata, na bado Qurani ikamsifu kwa subira. Nabii Yaakubu (a.s.) alihuzunika hata macho yake yakaingia weupe, na akawatuma wanawe wakamtafute Yusufu. Basi anayelia kwa kupotelewa na mifugo yake asiambiwe kuwa hana imani.

Katika Sura al-Balad kuusiana subira kumeambatanishwa na kuusiana huruma, na kabla ya hayo kumetajwa kulisha yatima na maskini siku ya njaa. Chakula kimetangulia wosia.

Mfanyabiashara naye ana subira yake, nayo ni ya fungu la pili: kuiacha faida ya haramu ambayo mkono umekwisha kuifikia. Mtume (s.a.w.) amemhesabu mwenye kuhodhi kuwa ni mkosefu. Tunajua kwamba nauli ya mzigo ni kubwa na masika huharibu njia. Faida ya halali hatuikatazi. Lakini debe la mahindi lililofungiwa stoo lingojee bei ni jambo jingine. Mkopesheni jirani bila nyongeza, awe Muislamu au asiwe. Na siku ya kulipa ikifika naye bado yumo katika dhiki, aya ya 280 ya Sura al-Baqara imetuamuru tumngoje mpaka apate wasaa. Hapo wa kusubiri ni sisi tunaodai.