Kibanio cha Springi Katika Ala ya Kisu

(Mazungumzo kwa mafundi na wanakisomo)



Leo tunazungumza juu ya kitu kidogo, urefu wake kama kidole cha kati. Ni kibanio cha springi. Kinakaa ndani ya ala ya ngozi, nacho kinashika kisu kisianguke. Mwenye daftari aandike vipimo, maana kipimo kilichoandikwa hakisahauliki.

Kwanza tujiulize: kwa nini tusumbuke na kibanio?

Mtazameni mkwezi. Anapanda mnazi, kisu kiko kiunoni. Mnazi mrefu hufika mita 20, hata kupita. Kisu kikichomoka huko juu, chini kuna nani? Pengine yupo mtoto anayesubiri madafu. Mtazameni na mwenye baiskeli katika njia ya mashimo. Kisu kikiruka kutoka kiunoni, kinaweza kumkata paja. Basi fundi anayeshona ala ameshika usalama wa watu.

Zipo njia nyingine za kushika kisu. Ya kwanza ni ngozi yenyewe kubana. Ala mpya hubana vizuri, lakini ikilowa mvua na kukauka mara nyingi, hulegea. Ya pili ni mkanda wenye kifungo. Mkanda hushika sana, lakini kuufungua kunataka vidole vitulie. Mkwezi mkono mmoja ameshika mnazi. Atafunguaje? Na akimaliza kukata, atafungaje? Mara nyingi atauacha wazi.

Springi inafanya kazi kwa mkono mmoja. Ukivuta kwa nguvu, kisu kinatoka. Ukirudisha, kinaingia na kulia "ta!" Hapo unajua kimeshikwa. Mafundi wa ngozi wa Marekani wametumia springi za namna hii katika mikoba ya bastola za polisi, kwa sababu hiyo hiyo.

Haya, tutengeneze.

CHUMA. Tafuteni msumeno wa mbao uliokwisha kazi. Chuma chake ni chembamba, tena ni chuma cha springi tangu kiwandani. Bati la paa halifai. Ukilikunja, linabaki limekunjwa.

Chuma hicho ni kigumu, kwa hiyo tukilainishe kwanza. Kitieni katika moto wa mkaa mpaka kiwe chekundu. Kisha kifukieni katika majivu makavu, kilale humo mpaka kesho. Kikipoa polepole, kinakuwa laini.

KUKATA. Kateni kipande chenye urefu wa sentimita 8 na upana wa sentimita 1. Tumieni patasi ya chuma, halafu tupa. Lainisheni kingo zote zisikate ngozi. Toboeni matundu mawili upande wa chini kwa ajili ya ribiti. Upande wa juu, sentimita 2 kutoka mwisho, kunjeni kigongo kidogo. Ncha ya juu kabisa ipindeni nyuma kidogo, ili kisu kikiingia kisikwame hapo.

MOTO. Hapa ndipo springi inapozaliwa. Rudisheni kipande motoni mpaka kiwe chekundu tena. Kigusisheni na sumaku, hata ya spika ya redio mbovu. Sumaku ikikataa kukishika, moto umetosha. Hapo hapo kitumbukizeni chote katika mafuta ya kula yaliyo katika kopo la chuma. Angalieni, mafuta yanaweza kuwaka! Kazi hii ifanywe nje, koleo liwe refu, kifuniko cha bati kiwe karibu, na watoto wakae mbali. Msitie maji katika mafuta yanayowaka. Yafunikeni.

Sasa chuma kimekuwa kigumu kama kioo. Mkikikunja kitavunjika. Kisugueni kwa msasa mpaka king'ae. Wekeni mchanga mkavu katika kikaango kikuukuu juu ya mkaa, na kipande juu ya mchanga. Tazameni rangi, msiondoke. Kwanza kitakuwa na rangi ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha buluu. Ikifika buluu, kiondoeni. Hapo joto ni karibu nyuzi 300. Mkingoja rangi ipotee, springi imekufa.

KUJARIBU. Kifungeni kipande kwa kitambaa, kilinde macho. Kibonyezeni juu ya ubao mara 20. Kikirudi mahali pake kila mara, kimeiva. Kikibaki kimelala, ni laini. Rudieni moto wote. Kikivunjika, hakikufika buluu. Afadhali kivunjike mezani kuliko mnazini.

NGOZI. Tumieni ngozi ya ng'ombe iliyotiwa dawa ya magome, nene kiasi cha milimita 3. Ngozi mbichi iliyokaushwa juani haifai, maana ikilowa inalegea na kunuka. Ilowesheni ngozi kwa maji baridi. Kifungeni kisu kwa karatasi ya nailoni kisipate kutu, kisha ifinyangeni ngozi juu yake ishike umbo. Iacheni ikauke kivulini. Jua kali huikakamaza na kuipasua.

Ala imeze pia vidole vinne vya mpini. Hapo ndipo kibanio kitakaposhika. Sikilizeni vizuri: kibanio kishike mpini, kisishike makali. Katika bapa la mpini, chongeni kwa tupa mfereji mdogo wa kupinga, wenye kina cha milimita 2. Kigongo cha springi kiingie humo.

Fungeni kibanio kwa ribiti mbili za shaba, upande wa ala unaogusa mwili. Kikae kuelekea mgongo wa kisu, makali yapite mbali nacho. Funikeni ribiti kwa kipande cha ngozi nyembamba. Ukingo wa kipande hicho uchongwe na kubandikwa, ncha ya kisu isije ikakwama. Kabla ya kufunga, pakeni kibanio nta ya nyuki, maana ngozi huhifadhi unyevu na chuma hushika kutu.

Upande wa makali, tieni ukanda wa ngozi katikati ya mshono. Bila ukanda huo, kisu kitakata uzi. Toboeni kwa msharasi, mshone kwa sindano mbili na uzi uliopakwa nta. Uzi mmoja ukikatika, wa pili utashika.

KIPIMO CHA MWISHO. Ingizeni kisu, mgeuze ala kichwa chini juu ya mchanga, miguu ikae mbali. Tikiseni mara 20. Kisu kikianguka, ongezeni kina cha mfereji kidogo kidogo.

Kisha vuteni kwa mkono mmoja. Mafundi wengi hudhani kibanio kikali ndicho bora. Sivyo. Kisu kinachokataa kutoka humfanya mtu avute kwa hasira. Kikitoka ghafla, mkono unaruka na makali yanafika pajani au kifuani. Huko mnazini anaweza hata kupoteza mshiko. Springi kali ikunjweni nyuma kidogo sana, au mwanzo wa mfereji ulainishwe kwa msasa. Tunataka kisu kisichoanguka, wala kisichogombana na mwenyewe. Mwenye kununua ajaribu mwenyewe kabla ya kulipa, kwa mkono wake atakaofanyia kazi.

Kila mwezi tazameni kibanio. Mfereji wa mti huchakaa, na kutu huingia taratibu. Ikifika siku kisu hakilii tena "ta!", ala hiyo isipande mnazi mpaka itengenezwe.

Msumeno mmoja mkuukuu unatoa vibanio vingi. Kilichotupwa jalalani kinaweza kumlinda mtoto aliye chini ya mnazi. Basi, ndugu zetu, tupa na msasa tunavyo. Tuanze kazi.