Mbwa Asiyeitika

Leo twende Uingereza, kwa mwindaji wa ndege na mbwa wake. Bwana hufyatua bunduki, bata mwitu huanguka, mbwa hukimbia kumleta. Miaka yapita. Siku moja bwana apiga filimbi, mbwa haji. Apiga tena, haji. Bwana ainua fimbo: "Mbwa huyu amekuwa mkaidi!"

Ngoja, bwana! Mlio wa bunduki ya marisau hupita desibeli 140. Ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo mno vipokeavyo sauti. Mlio huo huviharibu, wala havioti tena. Mbwa wako si mkaidi, ni kiziwi. Na bunduki iliyomtia uziwi ni yako.

Basi mbwa na akae nyuma yako, asiwe kamwe karibu na mdomo wa bunduki. Siku ya mazoezi ya shabaha, mwache nyumbani. Viko pia vifuniko vya masikio vya mbwa. Wewe waziba masikio yako. Yeye hana mikono ya kuziba yake.

Ndugu, kabla ya kumwadhibu anayetutumikia, tujiulize: amekataa kusikia, au sisi ndio tuliomnyima masikio? Kwaherini.