Majani Yanavyolisha Udongo Mwekundu wa Katanga

Mbolea ya mimea ni majani mabichi, mabua, maganda au mboji inayofukiwa ardhini ili ioze na kuurudishia udongo virutubisho. Matokeo yake huanza na udongo wenyewe. Mashamba mengi yanayozunguka Lubumbashi, na mengine njiani kuelekea Lukafu kaskazini, yako juu ya udongo mwekundu wa kale, uliooshwa na mvua kwa enzi na enzi. Una asidi, na wekundu wake ni oksidi za chuma, kutu tu kwa lugha ya nyumbani. Oksidi hizo, pamoja na za alumini, huinasa fosforasi na kuibana hata mizizi ya mahindi ikaikosa. Nitrojeni nayo haikai: mvua zinazoanza Novemba, ambazo kwa mwaka hufika milimita 1200 hivi, huizamisha chini ya mizizi kabla mmea haujaitumia.

Jani likishafukiwa, bakteria na kuvu hulishambulia. Nao wana mahitaji yao: hula kaboni ili wapate nguvu, na huhitaji nitrojeni ili wajenge miili yao. Jani lenye nitrojeni zaidi ya asilimia 2.5 ya uzito wake mkavu, lisilo na nyuzi ngumu nyingi, huwashibisha na kubakiza ziada ambayo mahindi huipata. Mabua makavu ya mahindi ni kinyume chake. Yana kaboni tele na nitrojeni haba, kwa hiyo vijidudu huifuata iliyomo udongoni. Shamba lililofukiwa mabua wiki chache kabla ya kupanda huota miche ya manjano, na mkulima hudhani ni ugonjwa. Ni njaa tu, na hupita vijidudu vinapokufa na kuiachilia nitrojeni ile, ila pengine msimu umeshasonga.

Mmea unaosifiwa zaidi kwa kazi hii katika Afrika Mashariki na Kati ni titonia, alizeti mwitu yenye maua ya manjano inayoota kando ya barabara na kwenye mipaka ya mashamba. Utafiti wa miaka ya 1990 magharibi mwa Kenya ulikuta majani yake makavu yana nitrojeni kama asilimia 3.5, fosforasi asilimia 0.37 na potasiamu asilimia 4. Huoza upesi, kwa majuma machache. Kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi nacho kimeijaribu titonia kwenye udongo mwekundu wa mji huo, kwa zao la soya.

Sifa hizo zina uzito wake, tena uzito wa kubebwa kichwani. Gunia la kilo 50 la titonia mbichi ni kama kilo 40 za maji. Nitrojeni iliyomo ni gramu 350 hivi. Mfuko wa yurea wa kilo 50 unayo kilo 23. Ili kuufikia mfuko mmoja yanahitajika magunia yapatayo 65, na kuyakata na kuyabeba ni kazi ambayo mara nyingi humwangukia mama na watoto. Yurea, hata hivyo, haina potasiamu wala fosforasi, na haiusaidii udongo wenyewe. Majani yanapooza hutoa asidi za kikaboni zinazogombania nafasi na fosforasi juu ya zile oksidi, hivyo sehemu ya fosforasi hubaki huru. Alumini yenye sumu hupungua, na mboji inayobaki hushika potasiamu, kalisi na magnesi ambazo udongo wa mfinyanzi wa Katanga huzishika kwa shida.

Ila titonia haiumbi rutuba, huihamisha. Nitrojeni na potasiamu ya bustanini ni ile iliyotolewa kando ya njia, na kando hiyo ikikatwa kila mwaka nayo hukonda. Jamii ya kunde, kama karanga, kunde, soya, mbaazi na mukuna, ndiyo huongeza nitrojeni mpya, kwa kuwa bakteria walio katika vinundu vya mizizi huichota hewani. Fosforasi haichotwi hewani. Ndiyo maana kuchanganya majani na mbolea kidogo ya dukani, kama NPK 10-20-10, kuna maana zaidi kuliko kuchagua upande mmoja na kuutetea kama timu ya mpira.

Kuchoma majani ni njia nyingine ya zamani. Majivu hupunguza asidi na kuacha potasiamu, kalisi na fosforasi, lakini nitrojeni na salfa huondoka na moshi, na mboji haipatikani. Neema hiyo ni ya msimu mmoja au miwili.

Lubumbashi kuna jambo moja zaidi. Moshi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba ulimwaga metali kwa miongo mingi kwenye udongo wa upande wa Penga Penga. Mboji, hasa ikichanganywa na chokaa, huishika shaba hiyo na kuizuia isiingie kwa wingi kwenye mizizi. Majani ya kufukia kwenye bustani ya mboga hayafai kukatwa huko, maana hubeba metali hizo pamoja na virutubisho.