Kamba Zinazoushikilia Mwili Wako



Ndugu msomaji, haya ni maneno niliyoyasema mbele ya vijana wa Majengo hapa Nyeri, baada ya swala ya alasiri mwezi huu wa Ramadhani. Nimeombwa niyaandike ili wenzetu wa Nanyuki, Karatina, Murang'a na Embu nao wayapate. Nimeyaacha karibu kama yalivyosemwa, ila nimeongeza pale ambapo maswali yalikuwa mengi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, nasoma mambo ya afya, daktari bado sijawa. Kwa hivyo ukiwa na ugonjwa, usije kwangu, nenda hospitali.

Tuanzie kichinjioni, maana hapo ndipo wengi wetu tuliuona mwili kabla hatujafungua kitabu chochote. Katika miji yetu hii ya Mlima Kenya, mara nyingi anayeshika kisu ni Muislamu. Umewahi kumtazama mzee akichuna mbuzi wa Idd? Kisu anakitumia mwanzo tu. Akishapata pa kuanzia, anaingiza ngumi kati ya ngozi na nyama, na unaona utando mweupe, mwepesi kama wa buibui, unaachia wenyewe. Huo ni tishu unganishi. Kisha anakuja kwenye mguu wa nyuma, anapitisha ndoano kando ya ile kamba nyeupe ngumu iliyo juu ya kisigino, anamtundika. Mnyama mzima ananing'inia hapo na kamba haikatiki. Hiyo nayo ni tishu unganishi. Gegedu linaloteleza kwenye ncha ya mfupa ni ya ukoo huo huo. Mfupa wenyewe pia, na mafuta ya kwenye figo. Hata damu wataalamu wengi wanaiweka humo.

Sasa utaniuliza, damu na mfupa vina undugu gani? Swali zuri. Kwenye ini au kwenye msuli, seli zimebanana kama watu kwenye safu ya swala, bega kwa bega. Kwenye tishu unganishi seli ni chache, zimekaa mbalimbali, na kati yao kumejaa vitu vingine. Ni kama mashamba ya majani chai kule Othaya: nyumba moja hapa, nyingine kule, na katikati kijani kitupu. Hicho cha katikati ndicho kinachofanya kazi. Kwenye mfupa kimejazwa chumvi za kalsiamu kikawa kigumu. Kwenye damu ni majimaji. Kwenye gegedu ni kama jeli nzito iliyoshika maji, ndiyo maana linabonyea na kurudi. Na kwenye kano, yaani ile kamba inayofunga msuli kwenye mfupa, karibu yote ni nyuzi zilizolala upande mmoja.

Nyuzi hizo zinaitwa kolajeni. Karibu theluthi moja ya protini yote ya mwili wako ni kolajeni, hakuna protini nyingine inayoifikia. Umewaona akina mama wakisokota uzi wa kiondo? Kolajeni imesokotwa hivyo: minyororo mitatu inazungukana, halafu kamba hizo ndogo zinapangwa pamoja kuwa kamba kubwa, na kubwa zaidi. Mafundi wake ni seli zinazoitwa faibroblasti. Kuna nyuzi nyingine zinaitwa elastini, hizi zinavutika na kurudi kama mpira. Vuta sikio lako uliachie, utaielewa.

Lakini nyuzi tatu zisipofungwa vizuri zinafumuka. Kinachofanya zifungike ni kazi fulani ndogo ya kikemia ambayo haiwezekani bila vitamini C. Na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu historia ya jambo hili inapita kwenye pwani yetu wenyewe.

Januari 1498 meli za Vasco da Gama zilikuwa zimetia nanga karibu na Quelimane, Msumbiji ya leo. Mmoja wa watu wake aliweka kumbukumbu za safari, na humo ameandika kwamba wengi waliugua: miguu na mikono ilivimba, na fizi ziliota mpaka zikafunika meno, wakashindwa kula. Hiyo ni kiseyeye. Walikuwa wamekaa baharini miezi mingi wakila biskuti kavu na nyama ya chumvi, na akiba ya vitamini C mwilini huisha ndani ya mwezi mmoja mpaka mitatu hivi. Kamba zinazoshikilia meno ni kolajeni, na mwili huzifuma upya mara kwa mara kuliko nyingine nyingi. Fundi akikosa malighafi, hapo ndipo panapoanza kulegea. Kuta za mishipa midogo ya damu nazo hupasuka. Wanaougua sana, hata makovu ya zamani hufunguka, kwa maana kovu ni kolajeni tupu.

Aprili mwaka huo walifika Mombasa. Mfalme wa Mombasa akawapelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Wagonjwa wakapona! Mwandishi yule alimshukuru Mungu na akasifu hali ya hewa ya mji. Machungwa hakuyataja kuwa ndiyo dawa. Lakini nadhani mabaharia walianza kuhisi kitu, kwa sababu wakati wa kurudi kutoka India, baada ya karibu miezi mitatu baharini na watu 30 kufa njiani, walipofika Malindi tarehe 7 Januari 1499, walituma mtu nchi kavu awaletee machungwa, wakisema wagonjwa wanayatamani sana. Wengi walikuwa wameshachelewa, wakafia hapo hapo Malindi. Siku chache baadaye waliichoma moto meli yao moja, São Rafael, kwa sababu watu wa kuiendesha hawakubaki.

Mbuzi na ng'ombe hutengeneza vitamini C ndani ya miili yao. Sisi binadamu hatuwezi, lazima tule. Na hebu sasa tazama sahani yetu ya futari: sambusa, kaimati, viazi, chapati, chai ya maziwa. Si haramu, ni tamu, nami nazila. Lakini ndugu yangu, Karatina kuna soko kubwa namna ile, na mapera yanaozea chini ya miti! Pera lina vitamini C karibu mara nne ya chungwa. Na sukuma wiki ukiichemsha nusu saa kisha ukamwaga maji, sehemu kubwa ya vitamini umeimwaga pia. Ipitishe motoni kidogo tu.

Turudi kwenye kano. Catherine Ndereba ni mtoto wa Nyeri, kazaliwa Gatunganga mwaka 1972. Ameshinda Boston Marathon mara 4, na Oktoba 2001 kule Chicago alikimbia kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47, rekodi ya dunia ya wanawake wakati huo. Kila hatua ya kukimbia, kano ya kisigino hubeba uzito wa mwili mara 6 hadi 8. Nayo haibebi tu. Inavutika kidogo, inaweka nguvu kama manati, kisha inairudisha na kukusukuma mbele, na msuli unapumzika kiasi fulani. Watafiti wa Kijapani walichapisha mwaka 2014 kwamba wakimbiaji wa Kenya waliowapima walikuwa na kano ya kisigino ndefu kuliko Wajapani waliolinganishwa nao. Mimi sisemi kwamba kano peke yake inashinda marathoni. Kuamka saa kumi alfajiri kwenye baridi ya mlima huu nayo ni kitu.

Vijana, sikilizeni hapa hasa. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walipima kaboni ndani ya kano za kisigino za watu waliozaliwa miaka mbalimbali, wakitumia alama iliyoachwa hewani na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960. Waligundua kwamba kiini cha kano hujengwa wakati mtu anakua kwa urefu, mpaka miaka 17 hivi, na baada ya hapo karibu hakibadilishwi tena. Yaani kamba uliyo nayo ukiwa na miaka 17 ndiyo utakayotembea nayo ukiwa na miaka 70. Msuli hupata damu nyingi, hupona kwa wiki. Kano na ligamenti, zile kamba zinazofunga mfupa kwa mfupa, hupata damu kidogo, hupona kwa miezi. Gegedu la kiungo halina mishipa ya damu kabisa. Linalishwa na majimaji ya kiungo, yakikamuliwa na kunyonywa unapotembea, unapochuchumaa, unaporukuu. Wazee wenye magoti mabovu wasikae tu. Watembee kiasi, na anayeshindwa kusujudu aswali kwenye kiti, dini imemruhusu.

Halafu hii mipira yetu ya jioni kabla ya futari. Mtu anateguka kifundo cha mguu, wenzake wanamkanda kwa mafuta ya moto palepale na kuvuta mpaka "kilie". Nimeona kijana wa mtaani kwetu akivutwa goti hivyo, na ligamenti ilikuwa imeshakatika. Alikaa mwaka mzima bila kucheza. Siku mbili tatu za mwanzo usikande, usipashe moto. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hivi kwa wakati, funga bandeji isiyobana sana, inua mguu. Na kama huwezi kutembea hata hatua nne, nenda ukapigwe eksirei. Mama, usimruhusu mtoto arudi uwanjani kwa sababu uvimbe umeisha. Uvimbe huisha mapema kuliko kamba inavyoungana.

Dada mmoja aliuliza juu ya makovu yanayoota, yale ya sikioni baada ya kutoga. Hapo fundi wa kolajeni hajui kuacha kazi, anajenga mpaka nje ya jeraha. Sisi watu weusi tunayapata zaidi kuliko wengine, na hufuata ukoo. Ukilikata tu bila matibabu mengine, mara nyingi linarudi, na linaweza kurudi likiwa kubwa zaidi. Kuna sindano ambazo daktari wa ngozi hulichoma ili linywee. Kama wewe au dada yako mnalo, mfikirieni vizuri mtoto mchanga kabla ya kumtoga mashimo matatu.

Swali la mwisho lilileta kelele kidogo: jelatini. Ukichemsha miguu ya ng'ombe usiku, asubuhi supu ikipoa inaganda. Kolajeni imefumuka kwa moto ikawa jelatini. Viwandani wanafanya hivyo hivyo kwa ngozi na mifupa, ya ng'ombe na ya nguruwe pia, nayo inaingia kwenye peremende laini, jeli, baadhi ya yogati na magamba ya vidonge vya kapsuli. Wanazuoni wamehitilafiana kama kitu kikibadilika namna hiyo hukumu yake inabadilika. Mimi si mufti, muulizeni shehe wa msikiti wenu. Peremende ni rahisi, soma karatasi, tafuta alama ya halali, ukikosa iache. Dawa ni jambo jingine: usiiache kwa hiari yako. Muulize mfamasia kama ipo ya kidonge cha kawaida au ya maji. Mara nyingi ipo.